Siku moja ya ardhi ya moto Mbeya: jibu kwa mwalimu wa Wete

*"Assalaamu alaykum, mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Wete. Inshaallah skuli zikifungwa mwezi wa sita tunakwenda Mbeya kwa shemeji, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 6. Shemeji atatupa gari siku moja. Nimeandika orodha: maji moto ya Songwe, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na kimondo cha Mbozi. Siku moja itatosha? Watoto wanaweza kukoga kwenye maji moto? Na kwa nini sisi Pemba hatuna hata kijichemchemi kimoja cha moto? Mama mkwe anasema ule ni moto wa Jahannam unapumua, na sasa mdogo anagoma kwenda."*

Waalaykumu salaam, Mwalimu.

Nianze na gari, maana petroli ni ya shemeji. Vitu vinne kwa siku moja havitoki. Au vitatoka, lakini watoto watakumbuka vioo vya gari tu. Chukua viwili: Songwe na Ngozi. Daraja la Mungu liache. Ni zaha (uji wa mawe wa volkano) iliyoganda juu ya Mto Kiwira, mto ukatoboa njia yake chini, na ni pazuri mno, ila ile zaha imeshapoa zamani na liko mbele zaidi kwenye njia ya Tukuyu. Siku mkipelekwa Tukuyu kula ndizi mtalipitia.

Kimondo cha Mbozi nacho kitoe kabisa kwenye orodha hii. Si kwamba hakifai kuonwa. Ni pande la chuma lenye uzito wa tani zaidi ya 12, na ukiligonga linalia kama kengele. Lakini lile limetoka juu, halikutoka chini. Nimesikia watu wazima, na mwalimu mmoja pia (samahani), wakiwaambia watoto kwamba lilirushwa na volkano. Volkano hairushi chuma cha namna ile. Ukikiweka kimondo siku moja na chemchemi, wanafunzi wako wa Wete watarudishiwa kosa hilo hilo kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa mpangilio. Wageni wengi huanza na Ngozi asubuhi na kumalizia Songwe mchana. Mimi nageuza. Bonde la Songwe liko chini kuliko Mbeya mjini, na ikifika saa 6 mchana jua linapiga, mawe meupe yanarudisha mwanga usoni, mvuke hauonekani tena, na mtoto wa miaka 6 anaanza kulia. Asubuhi ya mwezi wa sita mambo ni mengine. Hewa ni ya baridi, na kila jicho la maji moto linasimamisha moshi wake mweupe. Unaona kutoka mbali wapi pana maji na wapi hapana, kama unavyojua alfajiri ni nyumba gani kijijini imeshawasha jiko. Tokeni Mbeya saa 12 asubuhi, mshike njia ya Tunduma kisha mwingie barabara ya vumbi. Wekeni saa moja na zaidi. Mnunue chai na maandazi njiani, msingoje kiamsha kinywa cha nyumbani. Najua mashemeji, hamtatoka kabla ya saa 3.

Mkifika, msikimbilie maji. Simama kwanza uwaonyeshe watoto mlima ule mweupe wenye ngazi ngazi. Ule haukuletwa na moto, umejengwa na maji. Hapa ndipo nakuomba ukae sana, kwa sababu jambo lenyewe mnalo jikoni Wete.

Chukua birika lako la nyumbani uchungulie ndani. Kama maji yenu ni ya kisima cha kwenye jiwe, utakuta utando mweupe umeganda kwenye kitako, mgumu, unaobanduka vipande ukiukwangua kwa kijiko. Ni chokaa. Mvua inapoingia ardhini inabeba hewa ukaa, inakuwa chachu kidogo, inayeyusha jiwe la matumbawe na kwenda nalo bila kuonekana. Ukiyachemsha maji hayo, hewa ukaa inatoka, na chokaa inakosa cha kuishikilia, inakaa kwenye birika. Songwe ni birika hilo hilo, ila limechemka kwa maelfu ya miaka. Maji yanapanda kutoka chini yakiwa yamejaa hewa ukaa na chokaa. Yakifika juu hewa inatoka kwa vipovu, chokaa inabaki. Jani likianguka kwenye mkondo linavishwa koti jeupe. Kijiti kinakuwa jiwe. Ukiacha tone likauke juu ya jiwe jeusi, litaacha pete nyeupe, na ukimwambia mtoto wako mdogo apitishe kidole juu yake, ataisikia kama unga. Mlima wote ule ni pete hizo, moja juu ya nyingine. Na usishangae kukuta kiwanda cha saruji huko huko Songwe. Saruji inataka chokaa, na chokaa ndiyo hiyo.

Fanyeni jaribio. Beba kutoka Pemba kipande cha jiwe la matumbawe na kichupa cha siki. Likwangue jiwe kidogo lipate unga, dondoshea siki: litatoa povu. Kisha okota kipande cha jiwe la Songwe kilichokwishavunjika, kisha fanya vivyo hivyo. Litatoa povu lile lile. Hifadhi siki iliyobaki, tutaihitaji Ngozi.

Sasa la kukoga. Kwenye macho ya maji na mikondo iliyo karibu nayo: hapana, hata mguu, hata "kidogo tu mama". Songwe maji makali zaidi hupita nyuzi 80. Maji ya nyuzi 60 tu yanaunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto haingoji hata hizo. Lakini ipo alama ambayo ukiijua utaisoma chemchemi yoyote duniani bila kipimajoto: tazama rangi. Karibu na jicho mkondo ni mweupe, safi, hauna uhai. Ukiufuata kushuka, mahali fulani inaanza rangi ya kijani, njano au machungwa, telezi kama ute wa bamia. Hao ni bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua, na wao hawawezi kuishi maji yakizidi nyuzi 73 hivi. Kwa hiyo mkondo uliokosa rangi unakwambia mwenyewe kwamba ni zaidi ya hapo. Usisome kinyume lakini: kijani si ruhusa ya kukoga. Nyuzi 65 ina kijani na inaunguza vizuri tu.

Jingine ni gamba. Chokaa hufanya sakafu nyembamba juu ya maji, kama ukoko wa wali juu ya sufuria ambayo chini bado ina maji. Nikiwa kijana kwenye kazi yangu ya mawe, mwenzangu alikanyaga sakafu ya namna hiyo, iliyoonekana ngumu kama baraza. Mguu ukazama hadi nusu ya muundi. Alikuwa amevaa buti na soksi nene, na soksi ile ndiyo iliyomtesa, kwa sababu ilishika maji ya moto na hatukuweza kuivua upesi. Basi: watoto wawe mkononi, mmoja wako mmoja wa baba yao, mpite pale tu palipokanyagwa na watu, na mwenyeji atangulie. Akiungua mtu, maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, hivyo wekeni dumu la lita 20 kwenye gari. Dawa ya meno, asali na ute wa yai viacheni.

Wakitaka kugusa maji moto, na watataka, shukeni mpaka mkondo unapochanganyika na maji baridi ya mto, na wewe upime kwanza kwa kiwiko, kama ulivyopima maji ya kuwakogesha walipokuwa wachanga. Miguu tu. Vichwa visizamishwe, maana katika maji ya vuguvugu ya asili vinaweza kuishi vijidudu vinavyoingilia puani na kupanda kwenye ubongo. Ni nadra mno, lakini huna sababu ya kujaribu. Wala msiyanywe. Maji moto ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi, ile inayoyatia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya namna hii huweza kukipita mara kadhaa.

Najua utauliza mayai. Yataiva, polepole, hata kama maji hayachemki. Na huo ni mlango wa somo jingine: Mbeya mjini iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama Wete. Ndiyo maana maharage ya kwa shemeji yatachukua muda, msije mkamlaumu mpishi.

Saa 3 na nusu ondokeni. Mtarudi mpite mjini, ambako foleni ya malori hadi Uyole ina tabia zake, halafu mkate njia ya Tukuyu kwenda Ngozi. Adhuhuri mtaichelewesha hadi mkirudi, mkipata msikiti Uyole. Mko safarini, mnajua ruhusa zenu. Kutoka mahali pa kuachia gari ni kupanda kwa miguu msituni, karibu saa moja kwa watu wazima, zaidi kwa mtoto wa miaka 6, na mwisho ni mkali na telezi hata kiangazi. Mchukue kiongozi wa kijijini. Mtafika ukingoni, na ghafla ardhi itakuwa haipo: chini kabisa ziwa la kijani limelala ndani ya kuta za msitu, wala hakuna moshi, wala harufu, wala hata mto unaoingia. Msishuke majini na watoto.

Watu wengi hufika pale wakavunjika moyo. "Moto uko wapi?" Mwalimu, moto uko chini ya miguu yenu, na Ngozi ni mahali pa moto zaidi kuliko Songwe. Hilo shimo ni mlima uliojimwaga kisha ukadidimia ndani yake wenyewe. Jirani yake, mlima Kyejo, ulimwaga zaha karibu mwaka 1800, wakati huku kwetu Wabusaidi, ukoo wa masultani, wameshajikita. Watafiti walioshusha vipimo vyao ndani ya Ziwa Ngozi wamekuta maji moto yanaingia kutokea sakafuni, huku wewe juu unaona maji yametulia kama ya kisimani. Serikali nayo inaitazama Ngozi kwa jicho la umeme, kupitia kampuni ya jotoardhi iliyoanzishwa 2013. Wakenya walitutangulia, mtambo wao wa kwanza wa Olkaria uliwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wao ni mvuke. Nyinyi Pemba tangu 2010 mnavuta umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kwa hiyo siku mvuke wa Ngozi ukiingia kwenye gridi, taa ya Wete nayo itakuwa na hisa.

Njiani kurudi, angalia kingo za barabara zilizokatwa. Utaona matabaka ya mawe meupe-kijivu, mepesi, yenye matundu. Chukua moja, litie siki: halina povu. Litie kwenye ndoo: linaelea. Ni povu la volkano lililoganda, ndugu wa jiwe la kusugulia visigino. Na hili lina hadithi ya kwetu ambayo ningefurahi uifundishe. Mlima wa Krakatau, huko Indonesia, ulilipuka Agosti 1883. Mawe yake ya namna hii yakaelea bahari nzima ya Hindi, na katikati ya 1884 yakatupwa na mawimbi ufukweni Zanzibar. Waliokuwa wakiyachezea, wakishangaa mawe yasiyozama, walikuwa watoto wa skuli.

Jambo moja la hatari niliseme hapa, kwa kuwa Songwe mtaona hatari kwa macho na huku Rungwe, upande wa Ngozi, hamtaiona. Ardhi ile inatoa hewa ukaa, nyingi kiasi kwamba ipo inayovunwa na kuuzwa. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na asubuhi isiyo na upepo hukaa kwenye vishimo kama maji. Huko Goma Waswahili wa Kivu wanaiita mazuku, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo vilevile lilivyo. Mkiona kishimo chenye ndege au wadudu waliokufa, msiiname kutazama, na mtoto asiingie. Mtu mfupi ndiye anayezama kwanza. Chemchemi zenye harufu ya yai viza ni gesi nyingine. Hiyo angalau inajitangaza, ila ikizidi inaua pua kwanza, ukadhani imekwisha.

Sasa Pemba. Maji moto yanataka vitu vitatu: joto, maji, na ufa wa kuyapandishia. Watu husikia la kwanza tu. Uliwahi kupelekwa Hamamni, Mji Mkongwe? Lile hamamu la enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Mwenye kukoga aliingia akakuta maji moto na sakafu yenye joto. Kuni na mwenye kuzichochea hakuwaona. Bila mabomba na njia za chini, moto ule ungebaki huko nyuma ukimpasha mchochezi peke yake.

Pemba joto lipo. Kwa wastani, kila kilomita moja unayoshuka ardhini joto hupanda nyuzi 25 hadi 30. Miaka ya 1950 na 1960 Unguja na Pemba vilichimbwa visima virefu vya kutafutia mafuta. Ukifika kilomita 3 chini ya Wete, hesabu yake ni kama nyuzi 100 au zaidi kidogo. Mnakaa juu ya maji ya kuchemshia muhogo. Ila ni mbali, na katikati pamejaa matabaka mazito ya udongo, mchanga na chokaa iliyolala taratibu baharini. Hapana uji wa mawe ulioyeyuka uliopanda karibu, kama chini ya Rungwe. Ufa mnao pia, tena mkubwa: Mkondo wa Pemba una kina kinachofika kama mita 800, na hauwi na kina hicho bila ardhi kuvunjika. Linganisha na mkondo wetu wa Unguja, ambao haufiki hata mita 100. Lakini ufa wenu hauna jiko chini.

Mbeya vitatu vyote vimekutana. Pale mikono mitatu ya Bonde la Ufa inashikana, wa Rukwa, wa Ziwa Nyasa na wa Usangu, ardhi inavutwa pande tatu na inapasuka. Mvua ya milimani inaingia kwenye nyufa, inashuka, inapashwa, inarudi. Maji ya Songwe ni mvua, Mwalimu. Mvua iliyokwenda safari ndefu.

Tena huhitaji volkano kila mahali. Ng'ambo ya mkondo wenu, Amboni kule Tanga, pana chemchemi ya vuguvugu yenye harufu ya kibiriti, na Tanga haina volkano yoyote. Maji yamekwenda kina kirefu na kupata njia ya haraka ya kurudi kabla hayajapoa. Mkikosa Mbeya mwaka huu, Amboni ni siku moja kutoka kwenye meli, na mapango yako hapo hapo.

La mama mkwe. Mheshimu, wala usimbishie mbele ya watoto. Mimi kazi yangu mawe. Ya akhera yana wenyewe. Mdogo usimpe hotuba. Usiku mmoja kabla ya safari teleka birika, mwite aangalie mvuke, kisha ufunike mdomo wa birika kwa bakuli baridi aone matone yakirudi kuwa maji. Mwambie tunakwenda kuona birika kubwa. Yule wa miaka 9 mpe kazi ya kuandika rangi za mikondo, kutoka jichoni hadi mtoni.

Na masweta, Mwalimu. Si moja, mawili kila mtoto, na soksi. Ukingo wa Ngozi uko juu ya mita 2,000, mwezi wa sita, na upepo wa ziwani. Mwaka mmoja niliwapeleka jamaa zangu wa Unguja kuona "ardhi ya moto" nao wakavaa kwa kulifuata jina hilo: kanzu nyepesi na kandambili. Walirudi garini kabla ya kuliona ziwa.